Mtoto wa Jirani Anayesahau Kupumua

Burungu, 14 Machi 2021

Kwako Murekatete, binti ya kaka yangu,

Amani ya Bwana ikufikie huko msituni, ikiwa barabara itaipa nafasi. Sisi huku Masisi tu wazima. Mvua imeanza, maharage yametoka vizuri, na yule ng'ombe wa madoa uliyempenda ukiwa mdogo amezaa tena, ndama jike. Mwanangu Sebarenzi anakusalimu. Anayeandika ni mke wake Umwali, maana macho yangu yamechoka na mwandiko wangu ni wa kuku. Umwali anacheka ninapomwambia aandike hivyo. Andika, nimesema.

Sasa nikuambie aibu yangu. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, wamama walinizunguka: "Mama Mukashema, ule mutoto wenu muganga, anafanyaka kazi gani kule Itebero?" Nikajibu kwamba unatibu watu. Kumbe Kasika alikuwa nyuma yangu, yule mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka na lori pale Mushaki. Akasema kwa sauti yake ya sokoni: "Hapana, Mama. Miye nilimukuta huko. Hatibu. Anaangaliaka watoto wenye kulala."

Walicheka mpaka katekista Niyonsenga naye akashindwa kujizuia. Mtoto wangu, umesoma Goma, ukasoma Bukavu, ukavaa koti jeupe, ili uende Walikale kutazama watoto wakilala? Hiyo si kazi ya wamama wazee? Na sisi hakuna aliyewahi kutuita daktari.

Lakini kuna jambo ambalo sikulicheka. Kasika anasema unawahesabu. Pumzi zao, na wao wenyewe, kisha unawaandika. Murekatete, sisi ni watu wa ng'ombe. Ng'ombe hahesabiwi, na mtoto hahesabiwi. Baba yako akiulizwa ana watoto wangapi alijibu, "Ni wa Mungu." Anayewahesabu anakionyesha kifo mlango wao. Fanya kazi nyingine, daktari hakosi kazi.

Nimekutumia fromaji mbili, jibini la maziwa yetu, kwa lori la Kasika. Asikuambie ni moja.

Ni mimi shangazi yako,
Mukashema


Itebero, 20 Aprili 2021

Shangazi mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na nyumba yote. Barua yako imefika ikinuka mafuta ya mawese, na fromaji zimefika moja na nusu. Kasika anasema panya. Panya huyo ana ndevu, nadhani, na anaendesha Fuso.

Mimi ni mzima. Muuguzi Régine, ninayeishi naye, ananifundisha kupika sombe ya hapa, majani ya muhogo. Simu bado ni pambo tu, mtandao haufiki. Msitu ni mkubwa, Shangazi, kuna wamama wanaotembea tangu jana ili wazalie kwetu leo.

Umenicheka, na nimecheka nami. Lakini Kasika alisema kweli: ninaangalia watoto wanaolala. Nikueleze kwa nini, halafu uwaeleze wamama wa kanisani.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake akilala anasahau kupumua. Si kurogwa, wala si kosa la mama. Ile sehemu ya kichwa inayoamuru pumzi bado ni changa, na usingizi unaishinda. Hata mtoto aliyetimiza miezi yake pumzi yake husimama kidogo, kisha huendelea. Hiyo si kitu. Lakini yule mdogo anaweza kusimama na asiendelee, midomo ikageuka rangi, na mama yupo hapo hapo amelala, amechoka na uchungu wa kuzaa. Asubuhi watu wanasema, "Mungu amemuchukua." Mimi ninataka kujua anaanza kusahau wakati gani wa usingizi, amelazwa namna gani, na nani yuko karibu. Kuvezi, lile sanduku la joto la hospitali kubwa, hapa hatuna. Nina mashine ndogo ya kushika mguu wa mtoto na kuonyesha kama hewa inamfikia, tena ni moja, na watoto ni wengi.

Kwa hiyo tunatumia vifua vya watu. Mtoto anavuliwa, anabaki na kofia na kitambaa chake cha haja, anawekwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, wima kama chura, kisha wanafungwa pamoja kwa kitenge. Shingo isikunjike, pua iwe wazi, moshi wa jiko ukae mbali. Maziwa ya mama, kidogo kidogo, kwa kijiko kama hawezi kunyonya. Mama akichoka, baba anapokea. Ndiyo, baba! Kwa ninavyoona mpaka sasa, aliye kifuani anasahau mara chache kuliko aliyelazwa peke yake, na akisahau anarudi upesi.

Wamama wengi hapa hawana saa, na wengine, kama wewe, hawataki kuhesabu. Basi tumepatana hivi: mtoto akisimama, anayekesha anaanza Baba Yetu, polepole, kama kanisani. Ukifika penye mkate na yeye bado, msugue unyayo ao mgongo mpaka arudi. Hiyo ndiyo saa yetu. Régine anasema hajawahi kuona wodi inayosali namna hii.

Kuna na dawa, ndugu ya kile kinachotuamsha katika kahawa. Inapimwa na muganga, tone kwa tone. Huletwa kutoka mjini, na mara nyingi haiji.

Juu ya kuhesabu, nisamehe, siwezi kuacha. Kila mtoto ninayemwandika ni jibu nitakalompa mama mwingine. Nisipowahesabu, watakaoamua huko juu watasema hawakuwepo.

Msalimu Umwali sana. Mwambie mwandiko wake ni mzuri kuliko wa madaktari wote ninaowajua.

Mtoto wako,
Murekatete


Burungu, 6 Juni 2021

Kwako Murekatete,

Salamu. Huku ni wazima. Maharage tumevuna, si mabaya. Ndama anakua.

Anayeandika leo ni katekista Niyonsenga. Umwali ana kazi nyingi.

Nina swali, si letu. Kuna mtoto wa jirani. Amezaliwa kabla ya wakati, mdogo sana, mikono yake kama ya panya. Anasahau kupumua, kama ulivyosema. Wanambeba kifuani kama ulivyosema. Wanasali kama ulivyosema. Lakini usiku ni mrefu, na watu ni wachache, na juzi sala ilipita penye mkate, ikapita na penye makosa yetu, ndipo akarudi. Mama yake amelia mpaka hana sauti.

Muuguzi wa hapa alisema wapelekwe hospitali kubwa, lakini barabara iko mikononi mwa watu wa bunduki. Dawa ile uliyotaja hakuna.

Sasa, uliandika kwamba dawa hiyo ni ndugu ya kahawa. Kahawa ipo hapa nyuma ya nyumba yetu, ya jirani nataka kusema, imekauka vizuri, ni nyeusi na kali. Apewe kijiko kimoja ao viwili? Na sukari ao bila?

Ujibu upesi. Nimempa Kasika barua mkononi, nikamwambia akiipoteza asipite tena mbele ya uso wangu.

Shangazi yako,
Mukashema


Itebero, 3 Julai 2021

Shangazi,

USIMPE KAHAWA. Hata kijiko. Hata tone. Ndani ya kahawa hakuna anayejua dawa ni kiasi gani, na moyo wa mtoto kama huyo unaweza kukimbia mpaka ukasimama. Nimeandika hili kwanza ili ukifungua karatasi ulione kabla ya salamu. Sasa nakuamkia.

Barua yako ya tarehe sita mwezi wa sita nimeipata jana. Daraja la miti lilichukuliwa na mto, na lori la Kasika lilikaa porini mpaka fundi alipopatikana. Karibu mwezi mzima! Niliposoma mstari wa kahawa nilikaa chini mbele ya wagonjwa. Ni mimi niliyeliandika neno hilo la kahawa, kama mtu anayesimulia hadithi jikoni. Sikufikiri kwamba kuna atakayelisoma huku kikombe kiko mezani.

Régine alinishika mkono, akaniambia: "Dada, kulia utalia kesho. Leo twende ku fonie." Fonie ni ile redio ya kuitana ya ofisi ya afya. Nilitoka saa ile ile kwa pikipiki mpaka Walikale, matope mpaka kiunoni, nikamwomba mwenye redio apeleke maneno Kitchanga, wayafikishe kwa katekista wenu. Sijui kama yamefika. Upande wa pili nilisikia upepo tu, na mtu akisema "Tumepata, tumepata."

Waambie jirani waendelee na kifua. Wapeane zamu, na anayebeba akilala, mwingine awe macho. Joto lisipungue. Midomo ikibadilika rangi wasisubiri mkate, wamsugue mara moja. Wanafanya vizuri, Shangazi. Wanafanya kama wodi yangu, na hawana hata mashine.

Sikuulizi ni jirani gani. Ila mwandiko haukuwa wa Umwali, na sijawahi kukujua wewe ukikesha kwa ajili ya nyumba ya mtu mwingine usiku baada ya usiku.

Ninaogopa sana. Nijibu.

Murekatete


Itebero, 1 Agosti 2021

Shangazi mpendwa,

Nakuamkia. Natumaini mko wazima. Mimi ni mzima.

Sijapata jibu. Kasika anasema daraja limetengenezwa, kwa hiyo sijui nifikiri nini, na nimechoka kufikiri.

Kazi iko sawa. Mvua si nyingi. Wakubwa wangu wa Goma wameandika. Huenda nitarudi mjini mwezi wa kumi, kuna nafasi ofisini, ya kukaa na karatasi. Pengine wamama wa kanisani walikuwa na haki kucheka.

Umsalimie Umwali, na Sebarenzi.

Murekatete


Burungu, 12 Septemba 2021

Kwako Murekatete, binti ya kaka yangu, muganga wa wanaolala,

Amani ikufikie, tena upesi kuliko kawaida, maana safari hii nimemwambia Kasika fromaji zake mwenyewe ziko chini ya kiti, na zako ziko juu, na nimezitia alama. Sisi tu wazima, wote. Nasema wote. Viazi tumepanda. Umwali amerudi kuandika, tazama mwandiko.

Usinikasirikie kwa kukawia. Nilikuandikia mwezi wa saba, nikampa kijana wa pikipiki, na Kasika ameniambia juzi kwamba pikipiki hiyo iliporwa pamoja na kila kitu. Kwa hiyo kuna mwizi mahali fulani anayejua habari zetu zote, na wewe hujui.

Jirani ni mimi. Ulijua, najua ulijua. Mtoto ni wa Umwali na Sebarenzi, alikuja mapema sana, mwezi wa tano. Kwetu mtoto hatajwi kabla ya kupewa jina, na huyu hatukuthubutu kumpa jina. Nilisema moyoni: nikimtaja kwenye karatasi, karatasi ikipita misitu yote ile, nani atakuwa ameisikia? Ndiyo maana nikamhamishia kwa jirani. Hata muuguzi wetu nilimwomba asiseme.

Sasa nikusimulie kahawa, maana bado tunaisimulia hapa. Usiku ule sala ilipopita penye makosa yetu, nilichukua akili ya kukata tamaa. Nikakuandikia, lakini ukweli ni kwamba sikuweza kungoja jibu lako. Nilichemsha. Nilishika kijiko. Umwali alikuwa na barua yako ya Aprili, ile uliyoelezea kila kitu, tuliyoisoma mpaka mikunjo yake ikatoboka. Akaniambia: "Mama, hapa iko imeandikwa: inapimwa na muganga. Weye ndo muganga?" Mkwe wangu huyu, asiyeinua macho mbele yangu! Nikamwambia, "Miye nimezaa, nimezika, nisikilize." Akajibu, "Na miye ninasikiliza Murekatete." Akamfunika mtoto kwa mikono miwili.

Tulikuwa tumesimama hivyo, mimi na kijiko, yeye na machozi, ndipo Sebarenzi akanyanyuka pale pembeni. Alikuwa hajalala tangu siku nyingi. Alichukua kikombe akakinywa chote, moto hivyo hivyo, akafuta mdomo. "Basi," akasema. "Kahawa ni ya mwenye kukesha. Mumulete huyo mutoto." Akafungua shati.

Nilimzaa mtu huyu na sikuwa nikimjua. Kwetu mwanaume haingii hata chumba cha mzazi kabla ya siku ya jina, wewe unajua. Yeye alimbeba mwanawe kifuani, kabuti lake kubwa la mvua likiwafunika wote wawili, akaenda hivyo kukamua, akaenda hivyo kisimani. Wachungaji wenzake walimwita mama mzazi. Akawajibu kwamba ana ziwa moja tu lakini lina joto. Mchana ni yeye, jioni ni Umwali, na mimi nilichukua saa zile wachawi wanapoamka. Nilisali Baba Yetu kuliko padri yeyote wa Masisi. Mara nyingi nilifika penye mkate nikamsugua ule unyayo mdogo, na kila mara nikakuona wewe mbele yangu na koti lako jeupe, ukinitazama kama unayesema: endelea.

Na fonie yako ilifika! Ilifika Jumapili, katikati ya matangazo. Katekista akasoma bila kufikiri: "Daktari Murekatete wa Itebero anasema Mama Mukashema asimupe ule mutoto wa jirani kahawa." Kanisa zima likageuka. Jirani yangu Mukasine, ambaye mtoto wake wa mwisho ana ndevu, akasimama: "Jirani gani? Mutoto gani? Miye sina mutoto!" Siri yangu yote ikaanguka pale mbele ya altare. Nilitamani sakafu inimeze. Lakini baada ya ibada walikuja wale wale waliokucheka, wamama kumi na kitu, sikuwahesabu, na kila mmoja akasema usiku anaoweza kuja kukesha. Walijifunza shingo, walijifunza pua, walijifunza mkate. Sasa mwezi uliopita mke wa mmoja wa wachungaji hao amezaa kabla ya wakati, na sikuitwa mimi kufundisha. Nilikuta tayari wamemfunga mtoto kifuani na wanasali.

Hiyo ndiyo kazi yako, Murekatete. Niliicheka. Leo nikiulizwa kanisani unafanya nini, ninajibu kwa sauti ya Kasika: anaangalia watoto wenye kulala! Na hakuna anayecheka.

Sasa mimi nikuambie lako. Barua yako ya Agosti ilikuwa fupi. Nilimwambia Umwali aisome mara mbili. Hukumtaja Régine. Hukutaja mtoto hata mmoja, wewe ambaye barua zako zimejaa watoto. Mimi ni mzee, najua mtu anapoacha kutaja watoto kumetokea nini. Sikuombi unieleze. Nilikaa nje na barua yako mapajani nikakulilia, wewe na mama wa yule mtoto aliyekufa mikononi mwako. Pole, mtoto wangu. Pole sana. Hukumuua. Ulimwangalia mpaka mwisho, na si kila anayekufa anapata mtu wa kumwangalia.

Lakini kwenda kukaa na karatasi Goma, hapana. Nimekatalia. Kasika naye amekatalia, na nafikiri ni kwa ajili ya fromaji, lakini amekatalia. Waandikie wakubwa wako kwamba shangazi yako hajatoa ruhusa.

Wiki iliyopita tulimpa jina. Watoto wa kijiji walikuja wakalima kidogo mbele ya nyumba, wakala, na kila mmoja akatoa jina lake kama desturi. Karibu wote walimwita Kahawa. Baba yake alimpa Dusabimana, kwamba tumwombe Mungu, kwa sababu ya sala ile. Amenenepa, ana mashavu, ana hasira kama zangu. Bado ninamlinda akilala, mazoea ni mazoea. Akisimama kidogo naanza Baba Yetu, lakini siku hizi hanipi nafasi: sijafika hata mbinguni, amekwisha kuvuta pumzi yake. Sijamaliza sala hiyo tangu mwezi wa nane.

Jambo la mwisho, na Umwali aliandike kwa herufi kubwa ikibidi. Ng'ombe wa nyumba hii hatahesabiwa nikiwa hai. Lakini wewe ulisema usipowahesabu, huko juu watasema hawakuwepo. Huyu alikuwepo. Fungua daftari lako, tafuta mstari, hata chini kabisa, andika Dusabimana wa Burungu.

Umhesabu.

Ni mimi shangazi yako,
Mukashema